Mtoto Aliyepata Mia

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Ukiitaja atatokea mtu aseme ni kwao, mwingine aseme kasingiziwa, na sisi tumekuja kusimulia, hatukuja kugombana. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina mito miwili na mawaziri arobaini na sita, na kila linalofanyika humo linafanyika kwa faida ya watoto. Hilo la watoto limeandikwa kwenye kila ukuta, kwa hiyo ni kweli.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Mwatumu, mchambuzi wa nafaka katika ghala la ushirika. Tangu asubuhi alikaa mkekani, ungo mapajani, akitenga kunde na mawe. Mume wake alikwenda migodini kutafuta kibarua akasahau njia ya kurudi. Alimwachia binti mmoja, Sikudhani, na huyo Sikudhani alikuwa ametimiza miaka mitatu na miezi kumi na hajawahi kutamka neno.

Si kwamba alikuwa hana sauti. Alilia alipojigonga, alicheka kuku wakikimbizana, na akitaka kitu aliushika mkono wa mama yake na kuuburura mpaka penye hicho kitu. Ila neno, hata moja la kubahatisha, hakuna.

Katika nchi za watu wasiojua malezi wangeingiwa na hofu. Hapa walimsifu. Mgeni aliingia, akakaa, akanywa chai, Sikudhani amekaa kando kimya, na mgeni hakosi kutikisa kichwa. "Mwatumu, mwanao ana adabu huyu! Wa kwangu mimi wananitoa roho kwa maswali." Mwaka wa kwanza sifa hizo zilikuwa tamu. Mwaka wa pili zikaanza kumchoma Mwatumu kifuani, na wa tatu akawa anaogopa wageni. Jirani mmoja mwenye huruma alishauri mtoto anyweshwe maji aliyobakiza kasuku. Kasuku akatafutwa kwa taabu, maji yakanywewa, na aliyezidi kusema ni kasuku.

Ndipo Mwatumu akajifunga kanga mbili, akamshika mwanawe mkono, akaenda serikalini.

*

Serikali ilikuwa na Kliniki ya Kukuza Kauli za Watoto Wadogo. Jengo lilipakwa rangi ya manjano na kuchorwa midomo ya watoto inayotabasamu, yote imefungwa. Dirishani alikaa karani mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Jina la mwombaji?"

"Sikudhani."

"Sikukuuliza wewe, dada. Mwombaji ndiye aseme."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, kaka yangu. Hasemi."

Karani aliweka kalamu chini kwa upole wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara mia. "Utaratibu huu umewekwa kwa nia njema. Zamani wazazi waliwasemea watoto wao, tukajaza makabati kwa matatizo ya wazazi. Sasa mtoto anajieleza kwa kinywa chake mwenyewe: jina lake, umri wake, na tatizo lake la kusema."

"Akiweza kuyasema yote hayo, atakuwa na tatizo gani?"

Karani alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. "Hapo atakuwa hana sifa za kutibiwa," alisema. "Lakini fomu yake itakuwa imekamilika."

Mwatumu alirudi kwake. Njiani hakulia, maana kulia barabarani kulikuwa na kibali chake, na kibali hutolewa Jumanne.

*

Miezi miwili baadaye ukafika Mtihani wa Kauli, ambao kila mtoto wa nchi ile hufanyiwa akifikisha miaka minne. Lazima tuueleze vizuri, maana wapo wageni wanaodhani ni mtihani wa kuona kama mtoto anaweza kusema. Hapana. Wizara ya Kauli na Utulivu iliujenga juu ya ile methali ya wazee, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kila mtoto anazaliwa na alama mia. Mia ni haki yake, kapewa na nchi, bure. Kazi ya mtihani ni kuhesabu alichokipoteza.

Kithembe, zinakatwa alama tano. Kusema "chikamoo" badala ya shikamoo, nane. Kucheka wakati afisa anaandika, kumi. Kuuliza "kwa nini," kumi na tano. Kuuliza "kwa nini" baada ya kujibiwa, thelathini, na mzazi anaitwa pembeni. Mwaka uliotangulia mtoto wa mwalimu mmoja, kasichana kachangamfu ajabu, kaliwasalimu maafisa wote, kakasimulia habari ya mbuzi wao aliyezaa mapacha, kakauliza afisa ana watoto wangapi na kwa nini ana masharubu upande mmoja. Kalipata hasi arobaini. Mpaka leo mwalimu huyo hajalimaliza deni la alama za mwanawe.

Afisa Kauli wa Kata alikuwa Bwana Ngwali, mtu mfupi, msafi, mwenye kuipenda kazi yake. Alimkalisha Sikudhani kitini, akafungua daftari, akauliza maswali ishirini na tano kama yalivyoandikwa, moja baada ya jingine, bila kuinua kichwa. Sikudhani aliangalia kalamu yake. Iliposogea, macho yalisogea nayo.

Bwana Ngwali alipofika mwisho akajumlisha. Akajumlisha tena. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu.

"Bi Mwatumu," alisema. "Mwanao hana kosa hata moja."

"Hakusema kitu, bwana."

"Ndivyo ninavyosema mimi!"

"Bwana Ngwali, mwanangu hasemi. Hajawahi. Naomba uandike hapo kwamba hasemi, wanipokee kule kliniki."

"Niandike hasemi?" Alimtazama kama mtu aliyeletewa dhahabu kisha akaambiwa aandike udongo. "Mama, miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Nimeona hamsini. Nimeona sitini na mbili, akawa mgonjwa wa surua. Mia sijaiona. Wenzangu wa kata nyingine hawajaiona. Mia ilikuwa ni kitu tunachokisikia tu kwenye hotuba!"

Akasimama, akamwamkia mtoto. Naam, Bwana Ngwali, mtu mzima mwenye mvi, alimwambia mtoto wa miaka minne shikamoo. Mtoto hakuitikia marahaba, na hilo likaandikwa kama unyenyekevu.

*

Mambo yakaenda mbio. Zikaja picha. Likaja joho. Likaja gari lenye king'ora, ambacho kilizimwa kwa heshima ya mtoto. Sikudhani akatangazwa Balozi Mdogo wa Utulivu, na uso wake ukabandikwa kwenye kila shule ya chekechea nchini, chini yake maneno: KIMYA KINGI. Wazee walijua methali hiyo ina nusu nyingine, ile ya mshindo mkuu, lakini Wizara ilieleza kwamba nusu hiyo imeondolewa ili kubana matumizi ya rangi.

Mwatumu aliletewa cheti chenye muhuri mwekundu, na nyuma yake masharti. Sharti la tatu lilisema: *Ni marufuku kwa mtu yeyote, akiwemo mzazi, kumsemesha, kumdodosa, kumchombeza au kumchokoza Balozi kwa namna inayoweza kuhatarisha alama zake.* Balozi atakayeharibikiwa atapelekwa Bweni la Utulivu kwa matengenezo, na atarudishwa akifikisha miaka tisa.

Alilisoma sharti hilo mara tatu mlangoni pake. Wenzake wa ghalani wakamshangilia, wakamwambia ana bahati ya mtende. Yeye alikuwa anapiga hesabu nyingine. Mtoto ana miaka minne. Kila mwaka unaopita ni mlango unaofungwa, hilo hata asiyesoma analijua. Aliyekuwa anaombea mwanawe dawa sasa amekatazwa kisheria kumpa hata uji wa maneno. Alijifungia chooni akalia kwa hasira, ngumi mdomoni.

Lakini cheti kilikuwa na faida moja. Kila baada ya miezi mitatu Balozi alitakiwa kwenda kliniki kukaguliwa ubora, bila foleni na bila kujieleza. Mlango uliokataa kumfungulia mgonjwa ulimfungulia mshindi.

Ndani ya kliniki kulikuwa na mtaalamu mmoja tu, Bi Salha, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisomea ng'ambo, miaka minne, kazi ya kuwafundisha watoto kusema. Aliporudi Wizara ilichunguza takwimu ikaona kwamba watoto wenye alama za chini ni wale wanaosema, kwa hiyo wao ndio wagonjwa, na Bi Salha akapewa kazi ya kuwapunguza. Foleni yake ilikuwa ya watoto wenye porojo. Waliingia wakiimba, wakatoka wakiangalia viatu vyao, na kila Ijumaa Bi Salha alikunywa vidonge vya kichwa.

Alimtazama Sikudhani, akainuka kufunga mlango. Kisha akachukua kijiko akakiangusha nyuma ya mtoto, na Sikudhani akageuka.

"Masikio mazima," Bi Salha alisema chini chini, huku anaandika kwenye fomu jambo jingine kabisa. "Nyumbani mnaongea?"

"Niongee naye nini, dada, na yeye hanijibu?"

"Kipaza sauti cha ukutani kipo?"

"Kipo. Kwani kuna nyumba isiyokuwa nacho?"

Kweli haikuwepo. Kila nyumba ilikuwa na kipaza sauti cha taifa kilichokazwa ukutani, hakina swichi, kinahutubia tangu alfajiri mpaka watu walale.

"Mtoto huyu amekulia chini ya mtu asiyevuta pumzi," Bi Salha alisema. "Hajawahi kuachiwa nafasi hata ya kupiga chafya. Sikiliza, nakwambia mara moja, na ukiulizwa hatujaonana isipokuwa kwa ukaguzi. Kizibe hicho kidude. Kaa chini, macho yenu yalingane. Usimwambie sema hiki, sema kile. Angalia anachoangalia yeye, ukitaje. Halafu nyamaza, hesabu mpaka kumi moyoni, umtazame."

"Ninyamaze? Si ndivyo wanavyotaka wao?"

"Wao wananyamaza ili asiseme. Wewe nyamaza ili aseme." Alipiga muhuri kwenye fomu. "Akitoa chochote, hata mguno, mjibu. Usiache hata mmoja uanguke chini. Anza na maneno mawili, la kutaka na la kukataa. Ukimpa la kutaka peke yake umelea ombaomba."

Kwenye fomu alikuwa ameandika: *Balozi yu katika hali nzuri. Kimya.*

*

Mwatumu alikisokomeza kipaza sauti kwa mto wa sufi, akaufunga kwa kanga. Hotuba ikabaki inaguna kwa mbali, kama mtu aliyebanwa na tumbo. Kisha akakaa sakafuni na mwanawe.

Alichoona kwanza ni kwamba hajawahi kumtazama mtoto wake anatazama nini. Sikudhani alizipenda kunde. Alipenda zinavyoanguka batini, zile za mwanzo zikilia na za mwisho zikinyamaza juu ya wenzao. Mwatumu akawa anamimina kiganja kimoja. "Kunde. Zinaanguka, tiii!" Anasimama. Anahesabu kumi. Mtoto anamtazama. "Tena?" anauliza, anamimina. Anasimama. Anahesabu.

Jaribu kuhesabu kumi mbele ya mtu unayempenda uone urefu wake. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya tatu, hakuna kitu. Usiku mwingine alikata tamaa, akaona anajifanya mwendawazimu kwa ajili ya maneno ya mwanamke mwenye miwani ya uzi. Asubuhi anakaa tena.

Asubuhi kulikuwa na jambo la pili, nywele. Sikudhani alichukia kitana, kama watoto wote wenye nywele za maana. Alipokunja uso Mwatumu alisimamisha mkono, akasema "Basi?" na kweli akaacha. Akahesabu. Akaendelea taratibu, akaacha tena. Mtoto akaanza kuelewa kwamba uso wake unaweza kusimamisha mkono wa mtu mzima. Habari hiyo ilikuwa mpya katika nchi nzima.

Wiki ya saba, siku ya mvua, Mwatumu alimimina kiganja cha kunde, akasimama, akafika sita.

"Tena," alisema Sikudhani.

Lilitoka kavu, dogo, la kawaida, kama alikuwa nalo siku zote mfukoni. Mwatumu akamimina. Kunde zikatawanyika chumba kizima, akacheka, akalia, akamwambia tena mwanangu, haya tena, tena! Walimimina mpaka adhuhuri. Ghalani hakwenda, na hakujali.

Siku tisa baadaye, kitana kikiwa kimekwama nyuma ya sikio, likaja la pili. "Bathi."

Lilikuja na kithembe. Alama tano hizo, na Mwatumu angeziuza zote mia asikie kithembe hicho kila siku.

*

Ikafika Siku ya Kauli ya Taifa. Watu elfu nne na mia mbili walikusanywa uwanjani tangu saa mbili, jua la kuchoma nazi. Mbele kabisa, karibu na kipaza sauti, kiliwekwa kiti chenye mto wa mahameli, na juu yake Sikudhani, joho limempwaya. Mwatumu alisimama nyuma yake, Bwana Ngwali kando, na safu ya pili alikuwepo Bi Salha pamoja na wafanyakazi wa kliniki. Mwatumu alikuwa na wasiwasi mmoja tu. Maneno ya mtoto yalikuwa mawili, na yote alifundishwa kuyasema mtu anaponyamaza. Lakini huyo anayehutubia, alijipa moyo, hajulikani kwa kunyamaza.

Akapanda Mheshimiwa Waziri wa Kauli na Utulivu.

"Ndugu wananchi! Katika utekelezaji wa mkakati wa uendelezaji wa ustawishaji wa kauli za watoto wetu, serikali yenu sikivu imesikia! Imesikia nini? Haijasikia kitu! Na huo, ndugu zangu, ndio ushindi! Nchi nyingine watoto wanabwabwaja tangu miaka miwili. Wanataka kujua jua linalala wapi. Wanataka kujua kwa nini maji hayatoki. Je, ndiyo maendeleo hayo? Sisi tumesema hapana! Mtoto wa nchi hii atasema akishakuwa na la kusema, na la kusema ataletewa!"

Akaendelea hivyo saa moja na nusu. Mwishoni akashuka sauti, akamwinamia Balozi, macho yakakutana na macho ya mtoto, akasema, "Na huyu hapa ndiye kesho yetu." Akanyamaza kungoja makofi.

Makofi katika nchi ile huanza kwa kibendera, na mwenye kibendera alikuwa amesinzia. Ukapita ukimya. Mtu mzima ameinama, macho yamelingana, amenyamaza, anakutazama. Mwatumu alijikuta anahesabu, akataka kumziba mtoto mdomo, mikono ikawa mizito.

"Tena," alisema Sikudhani ndani ya kipaza sauti.

Bwana Ngwali akafumba macho. Lakini Waziri! Uso wa Waziri ulichanua. "Mmesikia?" alinguruma. "Mtoto mchanga anaomba tena! Nani kati yenu, watu wazima, amewahi kuomba hotuba yangu tena?" Hilo lilikuwa kweli, hakuna aliyewahi. Akarudi ukurasa wa kwanza. "Ndugu wananchi!"

Akaisoma yote. Wazee wawili wakaanguka, wakabebwa, wakahesabiwa kuwa wameguswa na ujumbe. Wanawake walijifunika kanga vichwani. Mtu mmoja alijisaidia pale pale aliposimama, na wenzake wakamwonea wivu. Ilipokwisha mara ya pili, Waziri, jasho na furaha vinamchuruzika, akainama tena mwenyewe, akamtazama mtoto, akanyamaza makusudi. Alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa kwanza kwa kidole.

Sikudhani alikuwa amechoka, joho linamwasha shingoni. Alimtazama Waziri kama alivyokitazama kitana.

"Bathi," alisema.

Watu elfu nne na mia mbili walilisikia. Lilikuwa ndilo neno walilokuwa nalo wote kooni tangu saa tatu, na wengine tangu miaka ishirini. Hakuna aliyecheka. Waziri alibaki ameinama na kidole chake kwenye ukurasa, halafu bendi ikaamriwa ipige, ikapiga wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba.

*

Siku ya tatu Bwana Ngwali alibisha hodi kwa Mwatumu, jioni mapema, na daftari kubwa kwapani. Alikaribishwa, akakaa, akaletewa chai. Sikudhani alikuwa sakafuni. Mto ulikuwa umeondolewa kwenye kipaza sauti, na hotuba ilikuwa inaendelea.

"Shemeji," alisema, maana siku hiyo aliamua kuwa ndugu. "Nimetumwa, lakini nimekuja kama mtu wako. Lile neno. Waziri hawezi kuwa ameambiwa vile na mtoto. Kwa hiyo, ama mtoto alisema, na akisema ni Bweni la Utulivu, miaka mitano, wewe humuoni. Ama hakusema."

"Alisema, Bwana Ngwali. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Alifungua daftari. "Hii ni Hati ya Kutosikia. Waliokuwepo wote wamekwisha kutia sahihi kwamba siku ile uwanjani hawakusikia neno lolote kutoka kwa mtoto. La kwanza wala la pili. Elfu nne, mia moja na tisini na tisa. Umebaki wewe."

Mwatumu alipekua. Wenzake wa ghalani walikuwepo, wengine kwa dole gumba. Mwenye kasuku alikuwepo. Wale wazee wawili walitiliwa sahihi na wajukuu. Ukurasa wa tisini aliliona jina la Bi Salha, mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma ng'ambo. Bwana Ngwali mwenyewe alikuwa wa kwanza kabisa.

"Na nikishatia?"

"Alama zake zinarudi mia. Faili linaandikwa hajawahi kusema, na linafungwa. Mtoto anabaki kwako, mnaishi kama zamani." Akashusha sauti, na hapo, tumtendee haki, macho yake yalikuwa na maji. "Ukijaliwa akasema mengine, yasivuke mlango huu. Mimi nina wajukuu, Bi Mwatumu. Tia sahihi."

Miaka minne alikuwa amengoja neno. Alilipata sakafuni, kwa kuhesabu, na hakuna aliyemsaidia isipokuwa mwanamke aliyejificha nyuma ya fomu. Sasa nchi nzima imeapa kwamba halikusikika, na bila yeye kuapa pamoja nao watamchukua aliyelisema. Alitaka kumrushia mtu yule chai usoni. Alichukua kalamu. *Mimi Mwatumu, mama mzazi, sikusikia.* Mkono ulikuwa mtulivu kuliko alivyotegemea.

Sikudhani aliinuka, akaja, akashika upindo wa gauni la mama. Alimtazama mama yake anavyoandika. Kalamu ikasimama, chumba kikawa kimya isipokuwa ukuta.

"Mama," alisema mtoto.

Hakuwahi kulisema kabla ya hapo. Halikuwa na kithembe wala kasoro yoyote. Bwana Ngwali aliinua macho kutoka kwenye daftari, kidole chake kikiwa juu ya mstari ambao wino haujakauka.

"Umesikia kitu, Bi Mwatumu?"

Mtoto alikuwa ameinua uso, ananyamaza, anampa mama yake nafasi.

"Sijasikia kitu, bwana," alisema Mwatumu, akamwongezea chai.